DUKA LA SHAMBA LIMEHAMIA BAHARINI

Ndugu wafanyakazi wa majani chai, wa Kericho na wa Bomet,

Jambo hili lilipotajwa katika mkutano wa tawi walikuwapo waliocheka. Bei ya simu baharini! Sisi tunaokaa juu ya milima, ambao wengi wetu tumeiona bahari katika picha tu, tuna mambo yetu ya kutosha: mizani inayopunja, nyumba zinazovuja, mashine za kuchuma zinazofukuza watu kazini. Ya baharini yatuhusu nini? Twajibu kwamba yanatuhusu sana, na katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini, na kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza tujiulize majani yetu yanakwenda wapi. Kilo unayochuma asubuhi pale Mogogosiek au Litein haiishi kiwandani. Inapakiwa kwenye lori, inateremka mpaka Mombasa, inauzwa mnadani, kisha inaingia melini Kilindini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Kuna watu wanaoipeleka. Hawa ni mabaharia, nao ni wafanyakazi kama sisi, tofauti ni kwamba shamba lao linatikisika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Sham, makampuni mengi yaliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika ya Kusini. Wenye mizigo walilalamika juu ya gharama, na magazeti yakaandika malalamiko yao. Nani aliandika kwamba baharia ameongezewa siku nyingi za kukaa bila kusikia sauti ya nyumbani?

Pili, watoto wetu wenyewe sasa wamo humo. Mashine zilipoingia mashambani, kazi ya mikono kumi ikafanywa na mikono michache. Sote twakumbuka Mei 2023, hasira ilipofika mahali pa kuchoma mashine hapa Kericho. Kijana aliyezaliwa kijijini shambani, ambaye baba yake alichuma na babu yake alichuma, akikuta mlango umefungwa atatafuta mlango mwingine. Wengine wamekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wengine wamekwenda Mombasa wakasomea ubaharia au uhudumu wa meli za abiria, na leo wanafagia vyumba na kuosha vyombo katika meli ambazo sisi hatutazipanda kamwe. Wameondoka na akiba ya nyumba nzima. Mama ameuza mtamba, baba amekopa katika sako, na hesabu yote ya kulipa imewekwa juu ya mshahara utakaotoka baharini.

Basi sikilizeni jinsi mshahara huo unavyoliwa.

Simu ya mkononi huongea na mnara. Ukitoka katika nchi yako, laini yako hushika mnara wa kampuni ya kigeni, na kampuni hiyo huidai kampuni yako, na kampuni yako hukudai wewe. Hii ndiyo wanayoita romingi. Nchi kavu bei hiyo ina kipimo, maana minara ni mingi na makampuni yanashindana. Baharini hakuna mnara. Meli inapokuwa mbali na pwani, hufungua kimtambo chake kidogo ndani ya meli yenyewe, nacho huongea na setelaiti iliyo angani. Simu yako haikuulizi. Ilikuwa inashika mnara wa pwani, pwani ikapotea, ikashika kimtambo cha meli kimyakimya, nawe umelala. Kuanzia dakika hiyo unalipa bei ya setelaiti, na lile bando la romingi ulilonunua kabla ya safari kwa kawaida halihesabiki hapo, kwa sababu liliuzwa kwa ajili ya nchi kavu. Maneno hayo yameandikwa, ndiyo, lakini yameandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Na simu za siku hizi haziwezi kukaa kimya. Hata usipoigusa, inavuta barua, inavuta picha za kundi la ukoo, inarekebisha programu zake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme megabaiti moja inauzwa Sh. 300. Picha moja ya mtoto mchanga, iliyotumwa na shangazi kwa mapenzi mema, ina megabaiti 2 au 3. Hiyo ni Sh. 600 mpaka 900, na bado hujaifungua. Mazungumzo ya dakika kumi ya kuonana uso kwa uso yanaweza kula megabaiti 50. Piga hesabu mwenyewe: Sh. 15,000. Mchumaji hapa afanye kazi siku ngapi, mvua ikimpiga mgongoni, apate Sh. 15,000?

Mtu atasema: si azime simu! Neno hili tumelisikia kwa mabwana wakubwa na tumelisikia hata kwa wenzetu. Anayesema hivyo hajui laini ya simu imekuwa nini katika nchi yetu. Laini ndiyo benki. Laini ndiyo M-Pesa. Benki ikitaka kuhakikisha kwamba ni wewe unayetuma pesa, hutuma namba ya siri kwa ujumbe katika laini ile ile. Baharia akiitoa laini yake hawezi kutuma karo. Akiiacha ikiwaka bila kufunga data, inamla. Mtego umewekwa mlangoni, na mlango ni mmoja.

Yuko mama mmoja mchumaji, mwenzetu wa upande wa Konoin, ambaye hatutamtaja jina. Mwanawe alipata kazi ya usafi katika meli ya abiria. Walikubaliana kwamba kila mwezi atatuma kiasi fulani cha kulipa deni la sako. Mwezi wa kwanza pesa zikaja nusu. Mwezi wa pili zikaja pungufu tena, na simu ikawa haipatikani wiki nzima. Maneno yakaanza kijijini, mnajua vijiji vyetu. Wakasema kijana amejifunza ulevi. Wakasema amepata mwanamke huko. Mama akaacha kwenda mikutano ya kikundi kwa aibu. Kijana aliporudi likizo alikuja na karatasi zake za mshahara, na karatasi zikasomwa mezani mbele ya wazee: salio la laini lililomalizika mara tatu katika wiki ya kwanza, kisha kadi za waifai za melini, kadi baada ya kadi, zilizokatwa katika mshahara kabla haujamfikia mkononi. Alikuwa akinunua kadi ili ampigie mama yake. Huko kukosekana kwake kulikuwa kwa sababu kadi zilimshinda.

Hapo ndipo wazee walipotikisa vichwa, kwa sababu walilijua jambo lile. Walilijua kwa jina jingine.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba zamani wanakumbuka duka la shamba. Mji ulikuwa mbali, njia ilikuwa matope, na duka lilikuwa moja. Unga, sukari, chumvi, tumbaku, vyote ulivipata kwa karani wa duka kwa mkopo, na bei ilikuwa ile aliyotaka mwenye duka. Mwisho wa mwezi ulipanga foleni ya mshahara, ukaambiwa umebakiwa na senti. Pesa ilitoka mfuko wa kulia wa mwajiri ikarudi mfuko wake wa kushoto, na katikati yake mtu alikuwa amefanya kazi siku thelathini. Waingereza wenyewe waliukataza mchezo huu nchini kwao kwa sheria ya mwaka 1831. Shirika la Kazi la Kimataifa liliukemea katika Mapatano namba 95 ya mwaka 1949, ambayo kifungu chake cha 7 kinasema kwamba mahali ambapo wafanyakazi hawawezi kufikia maduka mengine, wenye mamlaka wahakikishe kwamba vitu na huduma vinauzwa kwa bei ya haki, au kwamba duka la mwajiri haliendeshwi kwa ajili ya faida.

Tusome tena: mahali ambapo wafanyakazi hawawezi kufikia maduka mengine. Kuna mahali gani duniani panapofanana na maneno hayo kuliko meli katikati ya bahari? Baharia hawezi kutoka jioni akavuka barabara akanunua bando kwa jirani. Kimtambo ni kimoja, kadi ni za aina moja, bei imebandikwa ukutani. Tofauti na duka la shamba ni kwamba haliuzi unga, linauza sauti ya mtoto. Sisi twaona kwamba hiyo ni mbaya zaidi, lakini tusibishane juu ya hilo.

Sasa twende kwenye sheria ya bahari, kwa maana wapo wanaodhani hakuna. Yako Mapatano ya Kazi za Mabaharia ya mwaka 2006, na Kenya iliyakubali mwaka 2014. Wakati wa maradhi ya Korona mambo yalikuwa mabaya mno: mwishoni mwa mwaka 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini, mikataba yao imekwisha na bandari nyingi haziwapokei. Wapo waliofiwa na wazazi wakapata habari siku nyingi baadaye. Baada ya hayo vyama vya wafanyakazi vilikwenda Geneva mwaka 2022 na dai moja kubwa: mawasiliano yawe haki ya baharia. Marekebisho yalipitishwa, yakaanza kufanya kazi tarehe 23 Desemba 2024.

Je, tushangilie? Tumeyasoma. Ni kweli kwamba mawasiliano na jamaa sasa yametajwa pamoja na huduma zinazopaswa kuwako melini, na huo ni ushindi ambao hatuudharau. Lakini katika maneno yanayoeleza habari ya intaneti, wenye meli walipenyeza maneno mawili. La kwanza ni kwamba wampe baharia intaneti “kadiri inavyowezekana.” La pili ni kwamba malipo, kama yapo, yawe “ya kiasi.” Tena maneno hayo yamewekwa katika sehemu ya miongozo, si katika sehemu ya amri. Sisi tuliokaa mezani na waajiri wa chai tunayajua maneno haya mawili kama tunavyojua njia ya kwenda mtoni. Kadiri inavyowezekana maana yake haitawezekana. Kiasi maana yake ni kiasi anachotaka yeye.

Wenye meli wanajitetea kwamba setelaiti ni ghali. Zamani neno hili lilikuwa na ukweli ndani yake. Leo limepungua nguvu sana. Kampuni ya Starlink ilipoanza kuuza huduma ya meli Julai 2022, bei ilikuwa dola 5,000 kwa mwezi, na tangu hapo bei za namna hiyo zimeshuka. Na meli hainunui setelaiti kwa ajili ya baharia. Inainunua kwa ajili ya ramani, hali ya hewa, hesabu za mafuta na amri za ofisini. Mtambo upo tayari na umelipiwa tayari. Kumwacha mpishi aongee na mkewe robo saa baada ya zamu ni kama kumwacha mchumaji ateke maji katika mfereji wa kiwanda. Maji yalikuwa yakipita.

Tuangalie na mshahara. Kiwango cha chini cha kimataifa cha baharia stadi kilikuwa dola 673 kwa mwezi mwaka 2025, na wahudumu wengi wa meli za abiria hawahesabiwi katika daraja hiyo. Akitumia dola 3 tu kwa siku kwa mawasiliano, mwisho wa mwezi ni dola 90. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika nane ya mshahara. Mwajiri wa hapa akisema kesho kwamba atakata sehemu moja katika nane ya mshahara wa kila mchumaji kwa sababu ameongea na watoto wake jioni, tungelala nyumbani siku hiyo? Tungekuwa barabarani kabla ya saa moja asubuhi.

Tena tusidanganywe kwamba bei ya simu inatoka mbinguni kama mvua ya mawe ya Kericho. Bei huwekwa na watu, na watu wakibanwa huishusha. Mwaka 2006 Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kuvuka mipaka bila romingi ya kuwaumiza. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya Kenya ilishusha malipo ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa dakika ya simu kutoka Sh. 4.42 hadi Sh. 2.21, na bei ya kupiga simu ikaanguka mwaka huo huo. Kufikia Machi 2024 malipo hayo yalikuwa senti 41. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan ya Kusini zilipatana kuondoa romingi ya kuongea baina yao, na dereva wa lori anayevuka Malaba akapumua. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulifuta romingi kati ya nchi zake.

Lakini hata huko Ulaya waliacha tundu lile lile: mitambo ya melini na ya ndegeni haimo katika msamaha. Walichofanya ni kuamuru kwamba bili ya data ikifika Euro 50 kampuni ikate, isipokuwa mteja mwenyewe amekubali kuendelea. Si dawa kamili. Walakini ni ukuta, na sisi twataka ukuta wetu. (Na tukitaja bei, Serikali nayo isijifiche nyuma ya makampuni. Ushuru wa data ulianza mwaka 2018 kwa 15 kwa mia, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na juu yake ipo VAT. Mama anaponunua bando la Sh. 50 hapa kijijini ili angoje simu ya baharini, Hazina ya Taifa imekwisha kuonja kabla yake.)

Tunadai nini, basi?

Mamlaka ya Mawasiliano iamuru kwamba laini ya Kenya isishike mtambo wa meli kwa data mpaka mwenyewe aseme ndiyo kwa ujumbe, na ujumbe huo utaje bei kwa shilingi na kwa Kiswahili, si kwa dola na herufi ndogo. Ukomo wa matumizi uwekwe, na ukifika, data ikatwe. Jambo hili ni la kubonyeza kitufe. Anayesema ni gumu anatuona wajinga.

Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo hukagua mikataba na mawakala wa kuajiri mabaharia, idai kwamba bei ya intaneti ya meli iandikwe ndani ya mkataba kabla kijana hajaweka sahihi. Mkataba ukinyamaza, intaneti iwe bure. Na hapa tukumbushane, kwa kuwa wengi hawajui: Mapatano yale ya 2006 yanakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zinazoruhusiwa juu yake ni za cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati za kusafiria zinazofanana nayo, na viza ni juu ya mwenye meli. Wakala anayemwomba mzazi wa Bomet pesa za “kuweka jina” anavunja sheria, hata akivaa tai.

Kilindini pia pana kazi. Meli zinazobeba chai yetu zinapofunga gati, mabaharia wa kila taifa wapate intaneti ya bure au ya bei ndogo bandarini. Marekebisho ya 2022 yanazihimiza nchi zenye bandari zifanye hivyo. Kituo cha Mission to Seafarers pale Mombasa kimekuwa kikiwapokea mabaharia kwa miaka mingi kwa moyo wa hisani. Hisani ni njema, lakini wajibu wa Serikali usibebwe na kanisa.

Na sisi? Chama chetu kiandikie Chama cha Mabaharia wa Kenya kule Mombasa, kuwaambia kwamba wazazi wa wanachama wao wako huku milimani na wako tayari kusimama nao. Kupitia chama hicho jambo lifike kwa ITF, Shirikisho la wafanyakazi wa uchukuzi lililoanzishwa London mwaka 1896, ambalo lina mikataba na maelfu ya meli na linaweza kuweka kifungu cha intaneti ya bure mahali ambapo sheria imesema “kadiri inavyowezekana.” Wapo watakaosema mchumaji hana nguvu juu ya meli. Meli hiyo inangoja nini pale gatini, kama si mzigo uliotoka mikononi mwetu?

Wakati tunangoja hayo, kila mwenye mtoto anayesafiri amwambie hivi. Kabla meli haijang'oa nanga, azime data ya romingi katika simu, si data ya kawaida peke yake. Meli ikiacha pwani aiweke simu katika hali ya ndege, kisha afungue waifai pekee anapotaka. Aache ujumbe mfupi wa benki uupate wakati meli iko bandarini, na karo ipangwe kutumwa siku hizo. Azuie simu isipakue picha na video zenyewe. Nanyi mlio nyumbani, jamani, msimtumie video za harusi za dakika ishirini. Mwandikieni maneno. Maneno hayana uzito.

Katibu wa tawi anakusanya habari ili barua ya Mombasa isiende mikono mitupu. Mwenye jamaa baharini alete nakala ya mkataba wake na karatasi za mshahara zinazoonyesha makato ya kadi za intaneti, jina likifunikwa kama hataki lionekane. Mtu asione haya kwa sababu pesa za mwanawe zimekuwa pungufu. Karatasi zipokelewe ofisini kila siku baada ya kupima majani, mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wanaotoka Sotik na Bomet mjini wanaweza kumpa mwakilishi wa wafanyakazi wa shamba lao, naye ataleta.